Mti Mbele ya Dirisha la Baldo

Mama yake Baldo alikuwa na hadithi moja ya kuwachekesha wageni. Alisema mwanawe alipotoka tumboni hakulia. Kwanza aligeuza shingo kuangalia kama mtoto wa jirani ana nywele kumzidi. Na kweli mtoto wa jirani alikuwa nazo, nyeusi, tele, utadhani kavalishwa kofia. Mtoto huyo ndiye Luko.

Wageni walicheka. Baldo hakuwahi kucheka hata mara moja.

Walizaliwa wiki moja, kwenye nyumba mbili zinazoegemeana ukuta, pale Podgaj, kijiji kilichobanwa kati ya mlima wa mawe na bahari. Podgaj mwanamume ana njia mbili tu: anapanda meli, au anaingia bustani ya Gospar, yule bwana mwenye ardhi yote. Luko kapanda meli. Baldo kaingia bustani, maana baba yake alikuwa mtunza bustani, na babu yake, na baba wa babu yake. Hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Bustani yenyewe ilianzishwa na bwana wa zamani kabisa wa ukoo wa Gospar, mtu mwenye tamaa ya ajabu. Kila nahodha akiaga, yeye alimwambia neno lilelile: "Usiniletee hariri wala sukari. Niletee kitu chenye mizizi." Basi wakaleta. Mkafuri ukaja kutoka Uchina ndani ya pipa la samaki. Mianzi ikaja, mitende ikaja, ukaja na mti mmoja wa Japani wenye majani kama upepeo wa bibi harusi. Bwana yule kafa, mwanawe kashika, mjukuu kashika, na miti ikaendelea kuja, mingine ikistawi, mingine ikifa kwa bura, ule upepo wa baridi unaoporomoka mlimani na kung'oa hata vigae vya paa.

Na ilikuwa na mila yake. Nahodha akileta mti, yeye ndiye anachagua pa kuupanda. Anatembea bustanini, akifika anapopapenda anapiga kisigino chini. Hapo ndipo shimo, hakuna majadiliano. Kuanzia siku hiyo mti hauna jina. Unaachiwa bura. Ukivuka majira ya baridi, basi mwezi wa sita, sikukuu ya Mtakatifu Vid, Gospar anamwaga divai kwenye mizizi mbele ya watu wote na kutamka: "Huu ni mkafuri wa Stijepo." Imekwisha. Stijepo atazikwa, atasahauliwa sura, lakini mkafuri utakuwa wa Stijepo mpaka dunia ikunjwe. Siku hiyo nahodha anakula na Gospar kwenye meza ya mawe chini ya mizabibu.

Mtunza bustani anakula jikoni. Anapewa kichwa cha samaki.

Hilo lilimkaa Baldo kooni tangu mtoto. Babu yake ndiye aliyeuvika mkafuri mablanketi ya manyoya ya mbuzi kila baridi, akalala chini yake kama mbwa bura ilipokuwa kali. Mti wa nani? Wa Stijepo! Stijepo aliyeushusha melini akaenda zake kulewa. Bustani nzima, jina la ukoo wa Baldo halikuwepo hata kwenye kichaka.

Lakini jina walikuwa nalo kwa jambo moja. Ami yake Baldo, kwa ulevi, aliwahi kuuvunja mti wa nahodha fulani kwa mkokoteni. Gospar wa wakati ule alimtoa na godoro lake siku hiyohiyo, na ami akafia milimani akichunga mbuzi za watu. Nyumba ya mtunza bustani ni ya Gospar. Aliyeua mti halali humo.

Sasa, Deša.

Deša alikuwa binti wa mwenye kinu cha kukamulia zeituni kule juu. Luko alicheza naye kwenye harusi tatu mfululizo, na kijiji kikawa kimeshamaliza: hawa wataoana. Halafu Luko alipokuwa safarini, Deša kamkubali Baldo. Kwa nini? Hakuna aliyejua. Baldo mwenyewe hakujua, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipoanzia. Mtu akipewa kitu bila kujua sababu, anaogopa kitachukuliwa bila sababu vilevile.

Luko karudi majira ya kuchipua, mwaka wa pili wa ndoa yao. Kapanda ngazi za bandarini kakumbatia nusu pipa, ndani kimti chenye urefu wa mtoto anayeanza ubishi. Nyuma yake wanawake, wazee, mbwa, kila mwenye miguu.

"Nini hicho?" akauliza Gospar Orsat. Alikuwa mzee mnene mwenye magoti mabovu, lakini akisikia mti umekuja, magoti yalipona.

"Mberoshi, Gospar. Kutoka Amerika, kwenye mto mmoja mpana kuliko ghuba yetu. Nimebadilishana na jibini letu."

"Mberoshi?" Baldo kadakia. "Miberoshi tunayo mpaka makaburini, jamani! Umezunguka dunia yote ukaleta mberoshi? Safari ijayo tuletee mawe, yametuishia."

Watu wakaangua kicheko. Luko naye kacheka, akapiga paja, akacheka kuliko wote. Hicho ndicho kilichomuudhi Baldo tangu utotoni: ukimpiga yule, hakuonyeshi panapouma.

"Haya, bwana jembe," Luko akasema, "hebu shika majani kwanza."

Baldo kashika. Hayakuwa majani ya mberoshi wa kwao, magumu, yanayonuka utomvu. Yalikuwa laini kama manyoya ya kifaranga. Kaondoa mkono haraka.

"Wanawake waje nao washike," Luko akasema. Wakaja. Na Deša kashika. Kalipitisha tawi katikati ya vidole polepole, kisha kalirudia. Mara mbili. Baldo aliona.

Luko kaanza kuzunguka kutafuta mahali. Kapita chemchemi, pazuri, hakusimama. Kapita chini ya ukuta wa malimau, panapokingwa bura, hakusimama. Kashuka mpaka kwenye kitaraza kidogo mbele ya nyumba ya mtunza bustani, kasimama sawasawa na dirisha la chumba cha kulala, kapiga kisigino.

"Hapa."

"Hapa ni dirishani kwangu," Baldo akasema.

"Kwani dirisha lako linaogopa kivuli?"

"Gospar, udongo wa hapa mzito, maji yakija hayatoki..."

"Mila ni mila, Baldo," Gospar akasema. "Kisigino kimesema. Chimba."

Baldo kachimba. Luko kasimama juu yake akitafuna tini kavu, akimtemea vikonyo karibu na jembe. Siku ya kuondoka tena, Luko kapita kuaga, kofia mkononi. "Deša, dada yangu, mumeo hapendani na mti wangu. Nakuomba uuangalizie maji."

"Nitauangalia," Deša akasema.

Neno moja tu, wala hakutabasamu. Baldo kaligeuzageuza hilo neno majira yote ya joto kama mtu mwenye mwiba ulimini.

Maana kweli aliuangalia. Kila jioni, kazi za jikoni zikiisha, Deša alichukua ndoo, akashuka kitarazani, akamwagia mti taratibu pande zote. Alifunga matawi kwa kitambaa yasivunjwe na upepo. Alitoa konokono. Baldo alitazama dirishani, mkono umeshika mkate asioula.

"Mchana nimemwagia bustani nzima," alimwambia. "Ungeniambia, nao ningeumwagia."

"Ungeumwagia?"

"Si kazi yangu?"

"Haya, niambie jana umeumwagia. Niambie juzi." Deša katua ndoo. "Baldo, mti wa Stijepo unaupa maji. Mitende ya marehemu Frano unaisugua kama farasi. Huu unaupita kama una ukoma."

"Una jina huu? Haujavuka hata baridi. Wewe ndiye umeshaupa jina."

"Jina gani?"

"Unalijua."

Deša kamtazama kama mtu anayetazama maziwa yakichacha. "Wivu wako ungekuwa mbolea," akasema, "tungekula maboga makubwa kuliko kanisa." Kachukua ndoo, kaenda.

Na mti nao ukawa hauna haya. Ulichanua, ukajaza dirisha. Asubuhi Baldo alipofumbua macho, kitu cha kwanza alichoona si mke, ni mti wa Luko ukipunga matawi. Alianza kulala kageukia ukuta. Alianza kumchunguza Deša anapochana nywele, kama anatazama nje au anatazama kioo. Siku moja alimsikia akiimba huko chini, akashuka mbio kumbe anaimbia kuku. Akarudi na aibu yake, na wivu haukupungua hata punje.

Mwezi wa kumi Gospar kafunga nyumba, kaenda Jijini kwa baridi kama kawaida ya mabwana. Bustani ikabaki mikononi mwa Baldo peke yake.

Pwani ile, mtoto anayejifunza kutembea anajua jambo moja: mberoshi haukai na maji. Panda mberoshi kwenye jiwe, utaishi. Panda kwenye vumbi, utaishi. Uache miguu yake majini, na mizizi itaoza kama jino. Ndiyo maana makaburi yako mteremkoni. Ukitaka kuua mberoshi usiukate, maana shoka linaonekana. Uzamishe.

Baldo hakujificha. Mtunza bustani anayechimba mfereji mchana kweupe ni kama padri anayesoma misa, nani atamuuliza? Malimau yalishamaliza haja ya maji. Kafungua mfereji wa mawe unaoshuka kutoka chemchemi ya mlimani, kachimba mkono wake wa pembeni, kaupeleka kitarazani. Maji yakashuka yakicheka. Udongo mzito ukayapokea, hayakutoka. Baada ya siku mbili tatu mti ulikuwa umesimama katikati ya dimbwi kama mwari kwenye beseni.

"Mbona maji mengi hivyo?" Deša akauliza.

"Si ulitaka uangaliwe? Nimekupunguzia ndoo."

Deša kayatazama yale maji. Alikuwa anataka kuamini, ilionekana usoni. "Asante," akasema. Hiyo asante ilimwingia Baldo kama kibanzi cha mfupa, lakini mfereji hakuuziba.

Na dawa ikafanya kazi, tena upesi kuliko alivyotarajia. Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, mwezi wa kumi na moja, majani yalianza kugeuka. Kwanza manjano, halafu rangi ya kutu, halafu wekundu kama nywele za mbweha. Mberoshi wa Podgaj haugeuki rangi mpaka umekufa, kila mtu anajua. Halafu majani yakaanza kudondoka. Yakadondoka yote, pamoja na vijitawi vyake, yakaelea dimbwini. Kikabaki kijiti.

Bibi Kata, jirani mwenye ulimi wa kukatia nyasi, kaja kutoa pole. Kauzunguka mti mara moja, mikono kiunoni.

"Nimezika waume wawili," akasema, "lakini sijaona mberoshi kufa kipara. Hata kufa kwenyewe hauna adabu. Pole, Baldo."

"Asante, bibi."

"Mbona pole unaipokea kama zawadi ya harusi?"

Baldo kageuza uso. Alikuwa anacheka, Mungu amsamehe. Usiku ule alilala kaelekea dirishani, akaona nyota katikati ya matawi matupu, akalala kama mtoto.

Furaha yake ilimalizika asubuhi. Kaamka hakumkuta Deša kitandani. Kamkuta kitarazani, kapiga magoti kwenye matope, anakusanya yale majani mekundu kwenye aproni. Na alikuwa analia. Si kilio cha sauti, machozi tu yanamshuka na yeye anaendelea na kazi.

Angemwacha. Angeingia ndani akakata mkate. Lakini wivu hauna adabu ya kukaa kimya.

"Mimi nikifa utalia hivyo?"

Deša kaokota jani jingine.

"Nakuuliza. Nikifa mimi, utapiga magoti matopeni?"

"Ingia ndani, Baldo. Leo usianze."

"Nimeuua mimi."

Kayasema hivyo, kabla hajajua anayasema. Na yalipotoka yakawa matamu, akaongeza. "Mimi! Unadhani maji yale ya nini? Nimeuzamisha. Mwache nahodha wako arudi, aje amwage divai kwenye kuni."

Deša kainuka. Magoti yake yalikuwa meusi kwa tope. Alimtazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza Baldo aliona uso wake hauna hasira wala kejeli, hauna kitu kabisa.

"Basi," akasema. Kaingia ndani, kafunga nguo zake kwenye shuka, kapanda njia ya juu kwenda kwa mama yake kwenye kinu. Alipotoka mlangoni alikuwa amegeuka mara moja tu. "Usiung'oe. Auone Gospar mwenyewe. Angalau hiyo mila uifuate."

Kwa hiyo Baldo alikaa majira yote ya baridi na maiti mbele ya dirisha.

Bura ilikuja. Ilivuma siku nyingi, ikavunja mtende mmoja, ikatupa vigae vya paa baharini. Baldo aliuvika mkafuri mablanketi ya mbuzi peke yake, kamba zikimkata viganja, hakuna wa kumshikia upande wa pili. Alikula kabichi na nyama ya moshi iliyoganda mafuta, maana hakujua kupasha chakula bila kukiunguza. Kila akipita kitarazani kijiti kile kilisimama majini, na maji yakaganda barafu nyembamba ukingoni. Alianza kuhesabu kichwani watakachosema. Gospar atafika mwezi wa tano. Atauliza nani kachimba mfereji. Hakuna mwingine wa kuchimba mfereji. Godoro, mlima, mbuzi za watu.

Lakini hilo halikumuuma kama lile jingine: huko kwenye kinu Deša sasa alikuwa huru kumfikiria Luko mchana na usiku, bila mtu wa kumkatiza. Yeye Baldo ndiye aliyempa huo uhuru. Kaua mti akapoteza mke, na adui yake alikuwa bado yuko baharini, hajui lolote, labda anapiga mluzi.

Mwezi wa nne, asubuhi moja ya mvua ya manyunyu, alishuka na shoka. Mila au si mila, alikuwa amechoka kutazamwa. Kakanyaga matope, kaushika mti shingoni, kainua shoka.

Kando ya kidole gumba chake, kwenye gome, kulikuwa na kitu cha kijani.

Kasogeza uso. Kijidutu, kidogo kama kichwa cha mbu. Na chini yake kingine. Na kwenye tawi la pili, na la tatu, mti mzima ulikuwa umetoka vidutu kama mtoto mwenye surua. Kimoja kilikuwa kimeshapasuka, na ndani kulikuwa na manyoya ya kifaranga.

Shoka likamponyoka dimbwini. Baldo kapanda njia ya kinu akikimbia, matope mpaka mapajani, akaupiga mlango wa mama mkwe kwa viganja vyote viwili.

Mama mkwe kafungua. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya kukamua zeituni. "Nyumba inaungua?"

"Mama, shikamoo, Deša yuko wapi? Umefufuka!"

"Nani kafufuka? Pasaka imeshapita."

"Mti! Mti umefufuka!"

Deša alikuwa mezani anachambua dengu. Hakuinua hata kichwa. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mwezi wa pili nilishuka kuchukua chanuo langu la sufu, wewe ulikuwa kwenye mitende. Nikakwaruza gome kwa ukucha. Kijani kibichi."

"Ulijua tangu mwezi wa pili, ukaniacha..."

"Nikakuacha, ndiyo." Katupa dengu mbovu. "Nilitaka ukae nao kidogo."

Baldo kakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Maji yalimchuruzika mpaka sakafuni, na mama mkwe akayatazama kwa uchungu.

"Ulikuwa unampenda?" akauliza. "Niambie tu. Niambie leo, nisiulize tena."

"Mama, umesikia?" Deša akasema.

"Nimesikia," mama akasema. "Nilikwambia uolewe na yule wa kutengeneza viatu."

Deša kasukuma sinia la dengu pembeni. "Sikiliza, mwanamume. Nilikuchagua wewe wakati Luko hajaoa na mlango wake uko wazi. Kijiji kizima kinajua. Na kijiji kizima kinakujua wewe ulivyo. Mti ule ukifa mikononi mwako, hata ufe kwa bura, hata ufe kwa radi, watasema nini? Baldo kauua kwa wivu. Gospar angekutoa. Mimi nilikuwa nabeba ndoo kila jioni, mgongo unaniuma, nikimwagilia jina lako wewe! Halafu ukaenda kuuzamisha."

Baldo kakwangua tope pajani.

"Na ulilia," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Nililia nyumba yangu, mjinga wewe."

Mama mkwe kampa bakuli la supu, maana hata mjinga akilowa hupewa supu. Jioni wakashuka pamoja, Deša mbele, Baldo nyuma na furushi la shuka kichwani, na Bibi Kata kasimama uani kwake makusudi awaone. "Huyo mbebaji umemwajiri kwa siku au kwa mwezi?" akauliza. Deša akasema kwa majaribio.

Siku ya Mtakatifu Vid mti ulikuwa umepanda mpaka juu ya dirisha. Hakuna mti bustanini uliowahi kukua vile kwa mwaka mmoja. Gospar Orsat aliuzunguka akiwa na birika la divai, mdomo wazi. Luko alikuwa amerudi wiki ileile, kaungua jua, koti jipya. Watu walijaa kitarazani mpaka ukutani.

"Huu mfereji," Gospar akasema, akiuonyesha kwa fimbo. "Nani kauchimba?"

Bibi Kata kakohoa.

"Mimi, Gospar," Baldo akasema. Kando yake Deša alikuwa kama jiwe.

Luko akaanza kucheka. Safari hii kicheko kilikuwa cha mshangao. "Lakini jamani! Kule nilikoutoa, miti hii imesimama majini mpaka magotini, msitu mzima! Majani inamwaga kila baridi kama mtini. Nilikusudia kumwambia Baldo, halafu akanitania mbele za watu, nikasema shauri yake, aje aniulize mwenyewe. Nani kakwambia, bwana jembe?"

Watu wote wakamgeukia Baldo. Gospar naye, macho yanang'aa.

"Hakuna aliyeniambia," Baldo akasema. Na hilo lilikuwa kweli.

"Kauhisi!" Gospar akapiga fimbo chini. "Damu ya watunza bustani hiyo! Babu yake alikuwa hivyohivyo. Basi nasema, mti huu nahodha kauleta, lakini aliyeupa uhai ni huyu. Leo meza yangu ina wageni wawili." Akamwaga divai, ikatiririka nyekundu kwenye maji. "Huu ni mberoshi wa Luko na Baldo!"

Makofi. Kofia zikarushwa. Baldo kasimama katikati ya makofi na kile alichokitamani tangu utotoni, jina lake kwenye mti, na mbele ya jina lake, kama nywele zile za siku ya kuzaliwa, limetangulia la Luko.

Mezani walikalishwa bega kwa bega. Samaki mzima, jibini kwenye mafuta, nyama ya nguruwe iliyokatwa nyembamba mpaka unaona kupitia. Gospar alipogeuka kumwita mhudumu, Luko akainama.

"Kila mtoto hapa anajua mberoshi hufa ukizamishwa," akasema chinichini. "Ulitaka kuuua."

Baldo katafuna. "Ndiyo."

"Nilijua." Luko kajimiminia divai. "Na wewe unadhani kisigino changu kiliteleza pale dirishani? Bustani yote hii?" Sasa hakuwa anacheka, na Baldo kwa mara ya kwanza aliona panapouma. "Nilitaka kila asubuhi akifungua macho aone kitu changu. Nawe ukione."

"Nilikiona," Baldo akasema.

"Vizuri."

Wakala samaki. Deša aliyekuwa anapita na mkate alisimama nyuma yao, akawatazama visogo viwili, kimoja kipara kinaanza, kingine chenye nywele tele. "Angalieni walivyopendeza," akawaambia wanawake wenzake. "Mpaka wameandikishana jina. Sasa nyinyi wawili ndio mmeoana." Meza nzima ikaangua kicheko, na Gospar akacheka mpaka magoti yakamuuma.

Mti bado upo. Gospar kafa, Luko kafa ugenini, na mizizi ya mti imetoa magoti ya mbao juu ya maji kama watu waliopiga magoti kuomba radhi. Hakuna anayeuita mti wa Luko, hakuna anayeuita mti wa Baldo; ukitaja mmoja mtu anamalizia mwingine. Baldo alizeeka akiusikia wimbo huo kila siku. Aliusafishia mfereji kila mwaka kwa mikono yake, hakumwachia mtu.

Ila Deša alikuwa anajua jambo moja na hakulisema kwa mtu. Kila mwezi wa kumi na moja, majani yakianza kugeuka rangi ya mbweha, mumewe alikuwa anaamka mapema, anafungua dirisha kimya kimya, na kuutazama mti kwa muda mrefu, na usoni kinampita kijifuraha kidogo cha siri. Labda safari hii umekufa kweli.

Na kila mwezi wa nne, mti ukichipua tena, alikuwa anakula bila kusema na mtu, siku mbili nzima.